Nyumba ya Shikdar Hupakua Kidogo

Umeme ulikatika saa nne asubuhi, kama ilivyokuwa desturi yake mwaka ule, na pangaboi la chumba cha urembo likajizungusha kivivu kisha likasimama. Malina hakuacha kazi. Alikuwa anaunganisha msuko wa bandia kwenye kichwa cha mwigizaji mkuu, binti wa profesa, ambaye mchana huo angefiwa na mume mbele ya kamera na kukatwa nywele, na zake mwenyewe hakutaka ziguswe. Binti wa profesa alikuwa anasoma kitabu. Nje, mafundi wa taa walikuwa wanabishana juu ya mpira, maana taa za kushughulikia hazikuwepo.

Gopen akaingia, masharubu yamebandikwa upande mmoja. Alikuwa mzee mwembamba aliyeigiza watumishi, wapishi na wajomba wapumbavu tangu filamu za Kibengali zianze kusema, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kupewa nafasi ya mtu anayeketi kwenye kiti. Alikuwa anatafuna bisi za mchele kutoka kwenye karatasi.

"Malina," akasema, "nimemwona mama yako."

"Wapi?"

"Bhowanipore. Kwa akina Shikdar. Yumo kwenye bakuli."

Malina akachomeka pini. "Hajambo?"

"Hajambo kabisa. Naona kama amenenepa, lakini huenda ni bakuli lenyewe, limebonyea upande wa chini."

"Unanivuta, dada," akasema binti wa profesa, akafungua ukurasa mwingine.

Malina alikuwa na miaka arobaini na moja na hakuijua sura ya mama yake. Surobala alikufa kwa kifua, mwanawe akiwa bado anatambaa. Mtoto akalelewa na jirani wa chumba cha pili, Mama Khiroda, ambaye kumbukumbu zake zote juu ya marehemu zilikuwa kwamba alikuwa mrefu na alikuwa na mdomo mchafu. Picha haikubaki hata moja. Mabango ya sinema ya miaka ile yalichorwa kwa mkono, na mchoraji alikuwa na uso mmoja tu wa kike, akawagawia wanawake wote huo huo. Basi Malina alikuwa amezeeka akisuka vichwa vya wenzake mbele ya kioo, akijitazama juu ya nywele zao na kujiuliza kipi ni chake na kipi ni cha mama. Ilimuuma, na hakuwahi kuyazoea maumivu hayo.

Surobala alitoka mtaa ule wa upande wa Chitpur ambao waungwana wa Kolkata huupita wakitazama mawingu. Hapo hapakuwa na la ajabu. Siku zile hakuna baba wa Kibengali, mwenye jina lake, aliyekubali binti yake asimame mbele ya kamera. Kwa hiyo wake wema wa filamu zetu, wale waliowaliza watu mpaka leso zikakamuliwa, wengi walitoka mitaa ya namna hiyo. Mchana walikuwa mabibi wa majumba makubwa, vichwa vimefunikwa, funguo zimefungwa kwenye pindo la sari na kutupwa begani. Jioni walirudi kwao kwa mlango wa nyuma wa studio, na watu wale wale waliowalilia wasingewapa maji ya kunywa. Siku hizi mambo ni mazuri na wanaokuja ni mabinti wa maprofesa.

Filamu ambayo Gopen alikuwa anaizungumzia ilitengenezwa na Rajen Shikdar, na Gopen mwenyewe alikuwamo, ameshika mwavuli. Ilionyeshwa Kolkata, ikaonyeshwa Dhaka, ikatembezwa kwenye minada na mahema mpaka mkanda ukachakaa. Shikdar akaufanyia kile kilichofanywa na wenzake wengi wa Tollygunge, mtaa wa studio, akaupeleka kwa mchemshaji pamoja na vipande vilivyokatwa visionyeshwe. Mkanda wa kale una fedha ndani yake, ile ya sonara, nayo ndiyo inayoshika sura za watu. Mchemshaji huutumbukiza kwenye pipa la magadi, sura zikaachia, fedha ikatuama chini, na utepe mtupu ukauzwa kwa watengenezaji wa bangili. Hakuna aliyeona kosa. Nani angetaka filamu ya zamani, na mpya ipo mjini?

Fedha iliyopatikana ilitosha bakuli moja na kijiko kimoja. Mjukuu wa kwanza wa Shikdar alikuwa karibu kula mchele wake wa kwanza, na nyumba inayojiheshimu haimlishi mtoto mchele wa kwanza kwenye bati. Sura za filamu ziliingia kwenye bakuli, sauti zikaingia kwenye kijiko. Kijiko kilikwenda Kanpur na binti mkubwa alipoolewa. Huko, inasemekana, kila asubuhi watu wakikoroga chai mwanamke fulani huzungumza Kibengali mezani, wala hakuna anayemjibu kwa sababu wakwe wanajua Kihindi tu.

Bakuli lilibaki Bhowanipore. Filamu hutokea juu ya payesh, ule wali wa maziwa mazito anaoonjeshwa mtoto, kwa kuwa weupe wake ndio pazia. Hutokea kwa mtoto wa damu ya nyumba ile peke yake, na mara moja tu, anapoonja humo kwa mara ya kwanza.

"Waliwahi kumlisha mtoto wa jirani," Gopen akaeleza, "likabaki bakuli tu. Mtoto wao wenyewe akila tena kesho yake, bakuli tu. Mimi niliitwa niwachekeshe wageni, mwaka juzi, nikachungulia, nikamwona Surobala yule yule. Na mimi nimo, na mwavuli wangu. Nilikuwa kijana mzuri, ujue."

"Mbona hukuniambia mwaka juzi?"

"Nilisahau. Sasa sikiliza. Mwezi wa Falgun, baridi ikiisha, kuna mtoto mwingine, na ndiye wa mwisho. Wake wote wa nyumba ile wamekwisha kufunga kizazi. Ukimkosa hapo, mdogo wangu, basi tena."

Jumapili Malina akaenda Bhowanipore. Akasema kwamba yeye ni msusi wa waigizaji na kwamba angependa kuwasuka wanawake wa nyumba siku ya sherehe, kwa ujira wa sari moja tu. Wanawake walifurahi sana. Hakuna asiyetaka kichwa chake kishikwe na mikono inayoshika vichwa vya sinema. Mjane wa Shikdar, Bibi Hemangini, hakufurahi wala hakukasirika. Alikuwa ameketi kitandani akichambua mbegu za bizari. Akamtazama Malina kuanzia utosini hadi kidevuni, taratibu, akatua kidogo kwenye pua.

"Mwacheni aje," akasema. "Aingilie nyuma."

Siku ya sherehe nyumba nzima ilinukia samli na samaki wa kukaanga. Malina alisuka tangu alfajiri. Wa mwisho alikuwa Mondira, mama wa mtoto, msichana wa Bardhaman mwenye nywele nzito zisizokubali kukaa, na ikabidi Malina asimame nyuma yake muda wote wa sherehe akilishikilia fundo lisifumuke. Ndivyo alivyopata nafasi nzuri kuliko wageni wote, na moyo wake ulikuwa unapiga kama wa mwizi.

Sasa, nyumba ya Shikdar hupakua kidogo. Mtaa mzima ulilijua hilo na kulicheka. Miaka na miaka, mtoto alikuwa akiwekewa vijiko vitatu vya payesh katikati ya bakuli, kama dawa, na wageni walikuwa wakirudi makwao wakisema kwamba matajiri ndio mabahili. Lakini mara hii mama yake Mondira alikuwa amekuja kutoka Bardhaman na sufuria yake mwenyewe, na kwao kumwekea mtoto bakuli nusu ni kumwombea njaa. Bibi Hemangini alipokwenda chumba cha sala, mama yule akavitazama vijiko vitatu na kuguna.

"Mnamlisha mtoto au mnamdanganya paka?" akauliza. Kisha akashika mwiko akajaza hadi ukingoni.

Bibi Hemangini aliporudi, bakuli lilikuwa tayari mkononi mwa mjomba. Mlishaji wa mchele wa kwanza ni mjomba wa mtoto, ndugu wa mama yake, na huyu alikuwa Shibnath, karani wa benki, mtu mpole mwenye miwani. Mtoto alikuwa pajani kwake, kavishwa hariri, nukta za liwa kwenye paji, taji jeupe jepesi limemwangukia jicho moja. Bibi akalitazama bakuli lile. Akafungua mdomo, lakini vigelegele vikapigwa na kombe la baharini likapulizwa, na Shibnath akagusisha payesh kwenye ulimi wa mtoto.

Surobala akatokea.

Alikuwa mdogo kama kidole gumba, ameketi mbele ya mlango wa jumba lililochorwa kwenye turubai, sari yenye pindo pana, kichwa kimefunikwa, funguo begani. Malina akaona kwamba paji la uso lilikuwa lake mwenyewe. Masikio pia, na ile namna ya kuvuta mdomo upande kabla ya kusema. Pua haikuwa ya mama. Alijaa furaha hadi pini alizozibana mdomoni zikamchoma ulimi, akameza damu na mate bila kuhisi.

Katika filamu pia ilikuwa sherehe ya mchele wa kwanza. Surobala, bibi wa jumba, alikuwa amempakata mtoto, na mwigizaji mwingine, mjomba wa filamu, alikuwa anamlisha payesh. Gopen alikuwa nyuma na mwavuli, na kweli alikuwa kijana mzuri. Malina alimtambua mtoto papo hapo. Mama Khiroda alishamwambia kwamba studio ilikosa mtoto siku moja wakamtumia yeye, na kwamba huo ndio mchele wa kwanza pekee aliowahi kulishwa, kwa kuwa mtaani kwao hapakuwa na mjomba wa mtu yeyote.

Watoto karibu wote wa nyumba ile waliotangulia walimeza vijiko vitatu, pazia likaliwa, na filamu ikakatikia hapo, kwenye mjomba wa turubai. Huyu hakuipenda payesh. Alifumba mdomo akageuza uso, na taji likaanguka. Shibnath akabembeleza, mtoto akakaza midomo. Bakuli likabaki limejaa, na filamu ikaendelea.

Pakatokea mikono ikigonganisha kibao cha kufungia onyesho. Waigizaji wakalegea. Surobala akajivua mtandio kichwani, akasema neno fulani, na kwa jinsi kamera ilivyotikisika mpiga picha alikuwa anacheka. Midomo yake ilionyesha kwamba halikuwa neno la adabu. Malina nusura acheke naye. Kisha akaingia Rajen Shikdar, kijana, dhoti nyeupe kiunoni, nywele zinang'aa mafuta. Akamchukua mtoto kutoka pajani kwa Surobala bila kuomba. Akamnusa utosini. Mtoto alikuwa na payesh kidevuni. Shikdar akaifuta kwa kidole, akakitia kile kidole mdomoni mwake, akakilamba.

Muungwana wa Bhowanipore hali kitu kilichotoka kinywani mwa mtu. Hata gilasi ya mkewe husuuzwa kwanza. Makombo ya mdomo wa mtoto huliwa na watu wawili tu hapa duniani, aliyemzaa na aliyezaa naye. Shikdar akaendelea kulamba kidole, bila haraka, akimtazama Surobala, mpaka filamu ikaisha na payesh ikawa payesh.

"Yule si marehemu babu?" akauliza Shibnath.

"Ndiye," akasema Pranab, mwana mkubwa wa nyumba. "Mlishe mtoto."

"Na yule mchanga aliye—"

"Payesh inapoa," akasema Bibi Hemangini.

Wakamfungua mtoto mdomo kwa kidole wakamlisha. Wageni kadhaa waliitazama pua ya Malina, kisha ya Pranab, kisha wakauliza samaki anakuja saa ngapi. Mama wa kutoka Bardhaman akasema kwamba walau sasa mtoto amewekewa chakula cha kuonekana.

Baadaye Malina alikuwa ua wa nyuma, karibu na bomba, akifunga vitana vyake kwenye kitambaa. Bibi Hemangini akatoka na bakuli mkononi. Lilikuwa limebaki na payesh kidogo upande mmoja.

"Umemwona," akasema.

"Nimemwona, Mama."

"Basi moyo umetulia."

"Haujatulia. Nilidhani nitamwona yeye tu."

Bibi akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa mzee sana na magoti yalimsumbua. "Mimi lilipotoka kwa sonara nililijaza mwenyewe," akasema. "Mpaka juu. Nilikuwa na furaha ya mjukuu. Bwana wangu alikuwa ameketi pale pale, anavuta buruma yake, ananitazama ninavyotazama. Alikuwa ameniambia mkanda ule hauna kitu ila waigizaji. Tangu siku hiyo napakua kidogo. Nimeitwa bahili na mtaa mzima."

"Pole, Mama," akasema Malina, na alikuwa anamaanisha.

"Kula hiyo iliyobaki. Kutupa ni dhambi."

Yanayobaki bakulini hupewa paka au mtumishi. Malina akalipokea bakuli kwa mikono miwili, akachota kwa kidole, akaonja. Bakuli likaamka.

Likaanza mwanzo kabisa, mlango wa turubai, mwavuli, mjomba wa uongo, yote yamejibana kwenye ile payesh ya upande mmoja. Malina akainama juu yake. Bibi Hemangini alikuwa analitazama bomba la maji. Surobala akajivua mtandio tena, akasema neno lake, ambalo sauti yake ilikuwa Kanpur. Shikdar akaingia, akanusa, akafuta, akalamba. Malina alikuwa analia sasa, na machozi yakadondokea pazia, na kila tone liliposhuka uso wa mama yake ulitikisika kisha ukajipanga tena.

"Limeamka, Mama," akasema.

"Nina macho."

"Haliamki kwa mtu wa nje."

"Ni bakuli langu, binti. Najua linavyofanya kazi."

Malina akangoja. Alitaka asikie neno moja, hakujua lipi; hata tusi angelipokea, ili mradi liwe la kumtukana mtu wa nyumbani. Bibi alikuwa anajikanda goti.

"Nilidhani mtu akijua," akasema Malina, "kuna kitu hutokea."

"Sisi sote tulijua. Je, kilitokea kitu?" Alisema hivyo bila ubaya, kama anayemwonyesha mgeni njia. Kisha akanyoosha mkono. "Lete lioshwe. Nenda ukale, majani ya kulia ya watumishi yameshatandikwa."

Malina akaenda akakaa chini pamoja na mtwangaji na mpishi wa pili. Kwenye jani lake wakamwekea wali, dengu na mkia wa samaki. Alikuwa na njaa, akala. Wakati wa kuondoka akapewa sari ya pamba yenye pindo jembamba, ile ambayo nyumba kama zile hununua kwa robota wakati wa sikukuu ya Puja na kugawia wafanyakazi. Akaibana kwapani akapanda tramu.

Haikupita wiki, Pranab akalipeleka bakuli kwa sonara. Watoto walikuwa wamekwisha, alisema, na chombo kisicho na kazi hujaza tu kabati. Gopen ndiye aliyeleta habari studio, siku hiyo akiwa amevaa vazi la mpishi.

"Wamemyeyusha tena," akasema.

Malina alikuwa anachana wigi. "Wamemfanya nini?"

"Fremu. Ya ile picha ya marehemu, iliyoko sebuleni."

Malina akaendelea kuchana. Wigi lilikuwa la mjane, halikuwa na nywele nyingi, lakini alilichana muda mrefu.

Mwaka uliofuata mjukuu wa kike wa nyumba ile aliolewa, na kwa kuwa wanawake walikumbuka mikono ya Malina, akaitwa. Akaingilia nyuma. Ili kufika chumba cha bibi harusi ilibidi apite sebuleni, na sebuleni ilikuwa imetundikwa picha kubwa ya Rajen Shikdar, mzee sasa, shali begani, shada la maua shingoni, na fedha imemzunguka pande zote nne.

Surobala alikuwa anatembea kwenye fremu. Alipanda upande wa kushoto, akapita juu ya kichwa cha Shikdar, akashuka kulia, akarudi chini kwa chini, kisha akaanza tena, kichwa kimefunikwa, funguo begani, mwendo wa mtu anayekagua nyumba yake. Ndani ya picha hakuingia. Watumishi walisema hufanya hivyo kutwa. Kila Ijumaa wanapofuta vumbi hupitisha kitambaa mpaka alipofika, wakamngoja asogee, wakaendelea. Malina akamfuata kwa macho akingoja ageuze uso. Aligeuka kila alipofika kwenye kona, lakini aligeukia upande wa picha, na kwa huku nje alionekana kisogo.

"Dada wa nywele," sauti ikaita kutoka ndani, "bwana harusi ameshaondoka kwao."

Malina akajibu kwamba anakuja. Akamwacha mama yake azunguke mara moja zaidi, kisha akaingia kumsuka bibi harusi.